Ngomeni, Mahali Simu Inapotafuta Mnara

Ukivuka daraja la Sabaki kutoka Malindi na kuuacha Mambrui mkono wa kulia, barabara ya Garsen inanyooka na nchi inafunguka. Nyumba zinaachana, minazi inapungua, na ndani ya matatu watu wanaanza kufunga mazungumzo yao ya simu bila kuambiwa na mtu. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu, kapu lake la maembe amelipakata, alimwambia mwanawe, "Nishafika Gongoni. Ukinikosa usipapatike, nitakuflashia usiku." Kisha akaizima simu, akaifunga kwenye pembe ya leso na kukaza fundo. Hakutazama kama mtandao ungalipo. Njia anaijua.

Mimi nilikuwa naelekea Ngomeni, kijiji cha wavuvi kilichokaa kwenye rasi, kusini mwa Ghuba ya Ungwana, kilomita 30 hivi kaskazini ya Malindi. Nilitaka kuona jambo ambalo takwimu za taifa hazilioneshi. Serikali husema, na ni kweli, kwamba zaidi ya asilimia 90 ya Wakenya wanafikiwa na mtandao wa simu. Lakini hesabu hiyo huwahesabu watu pale wanapolala. Haiwafuati wakiamka alfajiri kwenda kwenye mashamba ya chumvi, wakiingia mikokoni kutafuta kaa, wala wakitweka matanga kuelekea ghubani. Na Ngomeni ni kijiji ambacho riziki yake karibu yote iko nje ya mlango wa nyumba.

Gongoni niliteremka nikachukua bodaboda. Kijana aliyenibeba alikuwa na simu mbili, moja kubwa ya kioo na moja ndogo ya mulika mwizi, na kila moja na laini yake. "Hii kubwa ni ya mjini," alinieleza. "Huku kwetu inayofanya kazi ni hii ndogo." Njiani mashamba ya chumvi yametanda pande zote: mabwawa mapana ya maji ya bahari, jua na upepo vikiyakausha polepole mpaka chumvi inabaki chini nyeupe, na watu wakiikokota kwa majembe ya mbao, nyuso wamezifunga vitambaa. Hakuna mti, hakuna ukuta, jicho linafika mbali litakavyo. Hata hivyo simu yangu ilishuka kutoka mtandao wa 4G hadi ule wa zamani, ikarudi, ikashuka tena, mwisho ikanyamaza.

Kijana akasimamisha pikipiki palipoinuka kidogo kando ya njia. Hapakuwa na kibao wala kivuli, lakini ardhi ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu, na vipande vya kadi za kredo vimetapakaa. Hapo ndipo pa kushikia. Akatoa ile ndogo, akangoja, nayo ikaanza kulia mfululizo: ujumbe wa mteja anayetaka kuchukuliwa Gongoni, ujumbe wa mkewe, ujumbe wa pesa iliyoingia. Akajibu wote kwa kidole gumba kimoja, akanitazama. "Kaka, hiyo yako izime kabisa mpaka tufike. La sivyo chaji itakwisha bure."

Alikuwa sahihi kama fundi aliyesomea. Simu isiyopata mnara huwa haipumziki. Inautafuta na kuutafuta, na ikiupata kwa mbali inapandisha nguvu ya sauti yake hadi kiwango cha juu inachoruhusiwa. Betri ambayo mjini ingekaa siku nzima huweza kwisha kabla ya alasiri, tena bila mwenyewe kupiga simu hata moja. Kwa mgeni hilo ni usumbufu tu. Kwa mtu anayechaji simu dukani kwa malipo, au anayetegemea kijisahani cha sola kilichowekwa juu ya makuti, ni gharama ya kila siku.

Na ile simu ndogo kuzishinda zenzake za bei kubwa nako kuna sababu. Mtandao wa 2G hapa kwetu hupita kwenye masafa ya chini, na masafa ya chini husafiri mbali zaidi na kupenya vizuizi kuliko yale ya juu ambayo mara nyingi huleta intaneti ya kasi. Tena ujumbe mfupi hauhitaji njia iliyo wazi muda wote kama mazungumzo. Ukikukosa, unasubiri kwenye mitambo ya kampuni. Ukipata mwanya wa sekunde chache, unapita. Ndiyo maana mahali ambapo huwezi kusema hata "haloo" ikasikika, pesa ya M-Pesa bado inaweza kuingia. Huduma hiyo ilipoanzishwa Machi 2007 ilijengwa juu ya ujumbe mfupi na laini ya kawaida, na naamini sehemu kubwa ya mafanikio yake vijijini imetokana na uamuzi huo.

Ngomeni yenyewe ni mchanga, makuti, mawe ya matumbawe na harufu ya samaki wanaokaushwa. Bahari inaumega ufuo wake, na wazee humwonesha mgeni kwa mkono mahali ndani ya maji ambapo zamani palikuwa na nyumba. Waswahili, Wabajuni na Wagiriama wanaishi pamoja, na msimu wa kaskazi huongezeka wavuvi wa kutoka mbali wanaofuata samaki. Kijijini simu inashika kwa mafungu: kona ya duka inashika, uani kwa mwenye duka haishiki, baraza la msikiti inashika upande mmoja.

Nilifika mashua zikiingia. Samaki walimwagwa juu ya turubai: changu, tafi, kolekole wawili wakubwa, na ndoo ya kamba ambao bado walikuwa wakirukaruka. Mizani ikatundikwa, mchuuzi akaandika kwenye daftari, wakakubaliana bei. Halafu kazi ikasimama. Mchuuzi alituma pesa, simu yake ikamwambia subiri. Akainua mkono juu, akaushusha, akapanda juu ya ngalawa iliyopinduliwa kifudifudi. Mabaharia wanne walimfuata kwa macho. Barafu ilikuwa inayeyuka kwenye kasha la pikipiki iliyokuwa ikisubiri kuondoka, na kila dakika ya kungoja ilikuwa inakula bei ya mzigo huko Malindi. Ujumbe ulipoingia hatimaye, simu za wote wanne zililia kwa mpigo, na pikipiki ikaondoka kasi. Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo lililoniumiza: wamekwisha kuliweka kungoja huko katika ratiba ya kazi, kama wanavyoweka maji kupwa na maji kujaa.

Nahodha wa mashua mojawapo, mzee mwenye kanzu iliyokunjwa hadi magotini, alinikaribisha barazani kwake baada ya Alasiri. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, akaagiza kahawa chungu na kashata. Nilipomuuliza kuhusu simu baharini alinyanyuka, akaingia ndani akarudi na kopo la plastiki la Blue Band. Alilifungua taratibu. Ndani mlikuwa na simu ndogo ya vitufe, imelala juu ya viganja viwili hivi vya mchele mkavu. Mchele ni wa kunyonya unyevu. Kifuniko amekizungushia kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli ili maji ya chumvi yasipenye. Nyuma ya simu, kwenye plasta nyeupe, zimeandikwa kwa kalamu ya wino namba za watu watatu: tajiri wa chombo, kiongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa ufuo), na mwanawe aliyeko Malindi.

"Mwanangu," aliniambia, "hii naichukua kama mtu achukuavyo nanga ya akiba. Ufuoni siifungui. Tukitoka mpaka usawa wa jukwaa la Wataliano, bado inashika. Tukipita hapo inashika na kuacha. Tukifika kule waliko papa na nguru, basi, ni sisi na Mola."

"Na chombo kikiharibika huko, mzee?"

"Mashine ikifa tunatweka tanga. Tanga likipasuka tunatupa nanga, tunangoja mwenzetu apite. Usiku twawasha moto kwenye karai. Kijana anaweza kupanda mlingotini na simu, mara nyingine inashika huko juu, mara nyingine haishiki."

Kupanda mlingotini si jambo la kubahatisha. Mawimbi ya simu hayapindi kwa kiasi kikubwa kuufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo mnara wenye urefu wa mita 40 huifikia bahari hadi kama kilomita 25, na hapo upeo unaikata njia. Mtu akijiinua mita chache juu ya maji anausogeza upeo huo mbele kidogo. Bahari haina vilima wala majengo, ni uwanja mzuri wa kusafirishia mawimbi, mradi tu mnara usimame ufuoni na antena zake zielekezwe majini. Hata ule mtandao wa 2G, katika mpangilio wake wa kawaida, unaweza kumhudumia mtu aliye kilomita 35 kutoka kwenye mnara. Bahari basi haiwezi kulaumiwa. Minara mingi ya njia hii hujengwa kando ya barabara kuu, kwenye miji na masoko, na antena huelekezwa waliko wateja wengi. Mvuvi hupata makombo ya mawimbi yaliyopita juu ya mikoko.

Lile jukwaa la Wataliano alilolitaja nahodha linaonekana wazi kutoka ufuoni: miguu ya chuma imesimama majini, kama kilomita tano kutoka nchi kavu. Ni kituo cha San Marco, na karibu yake jukwaa la Santa Rita lililokuwa la kuongozea mitambo. Sijui kama kuna kijiji kingine cha wavuvi Afrika Mashariki chenye historia ya mawasiliano kama hii. Wataliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walipachagua hapa kwa sababu Ngomeni iko takriban nyuzi tatu tu kusini mwa Ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia unakisukuma chombo kwa kasi inayokaribia kilomita 1,670 kwa saa, na kwa sababu upande wa mashariki ni bahari tupu, roketi ikianguka haimwangukii mtu. Satelaiti ya kwanza kurushwa hapa, San Marco 2, iliondoka tarehe 26 Aprili 1967. Ya mwisho ilikuwa Machi 1988.

Kati ya hizo mbili kuna ile ambayo kila mtoto wa Kenya angepaswa kufundishwa shuleni. Tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka hapo majini, na Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia mradi huo, akaipa jina Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miali ya eksi kutoka angani. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti wake, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Kituo cha nchi kavu bado kinafanya kazi hadi leo, sahani zake zikipokea taarifa za satelaiti zinazopita juu ya Bahari ya Hindi, na satelaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi na kuachiwa angani Mei 2018, ilizungumza na kituo hicho hicho.

Nayataja haya kwa fahari na kwa uchungu pia. Rasi hii inasikia chombo kilicho mamia ya kilomita juu ya dunia, na mvuvi wake akiwa kilomita thelathini majini hasikiki. Uhandisi ulikwisha kushinda mtihani mkubwa zaidi hapa hapa, zaidi ya nusu karne iliyopita. Kinachokwamisha sasa ni hesabu ya fedha. Kampuni ya simu hujenga mnara pale wateja watakaporudisha gharama, na mahali pa watu wachache hapana kishindo kwenye hesabu hiyo. Endelea mbele na barabara hii ya Garsen uone: Kaunti ya Tana River ilihesabiwa watu 315,943 mwaka 2019, kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 35,000. Kilifi ilihesabiwa watu 1,453,787 mwaka huo, kwenye takriban theluthi moja ya eneo hilo. Na baharini sensa haihesabu mtu hata mmoja, ingawa kila alfajiri huko kuna mamia ya watu wazima wanaotafuta chakula cha watoto wao.

Kampuni siilaumu kwa kutafuta faida. Ndiyo kazi yake. Lakini sheria ya Kenya ilikwisha kuliona pengo hilo na ikaunda Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni za mawasiliano huuchangia asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka ili kupeleka huduma pasipolipa. Minara imejengwa kwa fedha hizo katika kaunti kadhaa za pembezoni, na hilo ni jema. Kosa, kwa maoni yangu, liko kwenye kipimo: mfuko unatafuta kata ndogo ambazo wakazi wake hawana mtandao, na kijiji ambacho simu inashika kwenye kona ya duka kinahesabika kimehudumiwa.

Kuna nchi zilizojifunza hili mapema. Katika jimbo la Kerala, India, minara ilipojengwa pwani kati ya mwaka 1997 na 2001, mtandao ulifika kilomita 20 hadi 25 baharini, na wavuvi wa dagaa wakaanza kupiga simu sokoni wakiwa bado majini ili wajue bandari ipi ina wanunuzi. Mchumi Robert Jensen alichunguza matokeo na kuyachapisha mwaka 2007: faida ya wavuvi ilipanda kwa asilimia 8, bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4, na samaki waliokuwa wakitupwa kwa kukosa mnunuzi wakaacha kutupwa. Minara ile haikuwa ya ajabu. Ilikuwa karibu na maji, basi. Sisi huwa tunavutiwa na makubwa. Julai 2020 Kenya ilipokea mtandao wa baluni za Loon zilizoelea kilomita 20 juu angani, kwa ajili ya maeneo ya magharibi na kati ya nchi, dunia nzima ikatutazama; mwaka uliofuata mradi ukafungwa. Intaneti ya satelaiti ya Starlink ilifika Kenya Julai 2023 na inawafaa hoteli na shule zenye uwezo. Lakini sahani yake haiwekwi kwenye ngalawa ya mtu anayevua kwa mshipi.

Wako wageni wanaokuja pwani hii kwa sababu simu haishiki, na wanasema wanapumzika. Nawaelewa, ila siwezi kuungana nao. Mapumziko ya mgeni ni siku chache, na akichoka atarudi kwenye mtandao wake. Mjamzito anayeshikwa na uchungu nyuma ya mikoko hana cha kupumzikia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoielekea pwani ya Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa pwani yetu. Onyo kama hilo lina thamani moja tu, nayo ni kumfikia aliye majini kabla ya upepo. Nilimuuliza nahodha huwa analipataje onyo akiwa ghubani. Akanyoosha kidole mbinguni kusini, akanieleza rangi ya mawingu ya kuogopa. Ni elimu kubwa, nimeiandika yote daftarini. Lakini haifai kuwa peke yake, hasa bahari inapobadilika kama anavyosema mwenyewe kwamba imebadilika.

Kwa anayepanga safari ya huku, mwambie mtu wa nyumbani kabla hujatoka Gongoni unakwenda wapi na unarudi lini. Beba laini za kampuni mbili tofauti, kwa sababu minara yao haisimami pamoja, na noti za kutosha, kwa sababu pesa ya simu inaweza kuchelewa. Chukua simu ndogo ya vitufe. Mtandao ukipotea, izime, kisha iwashe mahali palipoinuka, na uandike ujumbe mfupi badala ya kupiga. Ukiingia chomboni mwulize nahodha ana kopo la kuhifadhia simu au hana, na namba ya kiongozi wa BMU mwachie mwenyeji wako.

Kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Kaunti za Kilifi na Tana River, na kampuni za simu, ombi ni fupi. Tumeni mafundi wapande mashua Ngomeni, Mambrui na Kipini, wakapime mtandao ghubani walipo wavuvi, na matokeo yake yaingie kwenye orodha ijayo ya Mfuko wa Huduma kwa Wote. Palipo na mnara karibu na ufuo, antena moja ielekezwe baharini. Pasipo na mnara, ujengwe. Kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili, na bahari huchafuka vibaya zaidi Juni na Julai. Vipimo hivyo vifanywe kabla ya hapo.